Vijamanda Chini ya Meza

Nakiri mapema: mimi ndiye niliyechagua tupeleke halua Maskati.

Ofisi moja ya biashara pale mjini ilikuwa ikitafuta wajasiriamali wadogo wa kwenda kwenye maonyesho ya nje. Fomu yao ilikuwa na miji mitatu, uchague mmoja. Miwili sikuwa na habari nayo. Wa tatu ulikuwa Maskati, na jina hilo nimelisikia tangu utotoni kama ninavyosikia mitaa ya hapa Unguja, Mpendae au Mbweni: fulani kaolewa Maskati, fulani kaletewa simu kutoka Maskati. Nikatia tiki. Nilitaka kupaona tu.

Haikunipitikia kwamba hiyo halua yenyewe ilitujia kutoka huko.

Walionikumbusha ni wanywa kahawa wa barazani kwetu.

"Yakhe, mnapeleka nini huko?"

"Halua."

Halafu mmoja akaweka kikombe chini taratibu. "Halua. Maskati. Na mkirudi hapo mtapeleka nazi Makunduchi?"

"Mwacheni," akasema mwengine. "Skuli aliondoka mapema, somo la jiografia hakulifikia."

Hilo la skuli ni kweli. Niliacha darasa la sita, na si kwa ugomvi wala kwa shida. Asubuhi moja njiani niliona mafundi wamelifungua jokofu la barafu la wavuvi, matumbo yote nje, nikasimama kuangalia. Nilisimama wiki nzima. Tangu hapo nimeshapaka rangi hoteli Mbweni, nimeshakamua miwa, nimeshatembeza wageni kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe nikiwatungia historia pale nisipoijua. Kila kazi niliifanya mpaka nikajua inakwendaje, kisha miguu ikaniwasha. Mwaka ule nilikuwa nakoroga halua kwa fundi mmoja wa mtaa wa Amani, na hapo nilikuwa nimekaa kuliko kawaida yangu, kwa sababu halua ina siri nyingi. Unaanza na maji ya wanga na sukari, meupe hayana maana yoyote. Unakoroga kwa mwiko mrefu kama kasia, saa baada ya saa, unatia samli, unatia iliki na zafarani, mpaka kile kitu kinaanza kung'ara na kuvutana kama kina roho.

Fundi alikuwa mtu wa makamo, kifua kipana, maneno machache. Alikuwa na hamu moja tu: kuiona halua yake ikikaa kwenye rafu ya duka la nchi nyengine. Kwa ajili ya safari ile alinunua vikopo vya plastiki vyenye vifuniko vya kuonea ndani, akavibandika karatasi ya dhahabu.

Mpaka siku ile halua yetu ilikuwa ikiuzwa ndani ya vijamanda, vile vikapu vidogo vya mviringo vya ukindu, vina vifuniko vyake, na ndani hutandikwa jani kavu la mgomba. Aliyevisuka ni dada mkubwa wa fundi, anayekaa Makunduchi. Alianza kuvisuka akiwa mtoto, kwa halua ya baba yao, na sasa alikuwa na majirani zake watano aliowafundisha. Kila Alkhamisi alikuja mjini na mzigo wake, akakaa kizingitini, akatusema sote.

Alkhamisi ya kabla ya safari alikiona kikopo. Akakigeuza, akakigongagonga kwa kidole.

"Hiki cha mafuta ya nywele?"

"Cha halua, dada," fundi akasema. "Huko nje watu wanataka kitu kinachofunga sawasawa."

"Na hapa nyumbani?"

Fundi akaikazania sufuria. "Wakivipenda huko, na hapa tutahamia humo humo. Sisi tutakuwa kampuni, dada. Kampuni haiuzi kwenye vikapu."

Bi mkubwa, kama sote tulivyomwita, alikirudisha kikopo mahala pake, akatoka. Alinisubiri nje, akanikabidhi mkoba wa ukili. Ndani mlikuwa na vijamanda arubaini, vimepangwa kimoja juu ya chengine, vipya, vinanukia ukindu uliokaushwa juani.

"Vibebe. Mtu akivipenda, njoo unambie. Wasipovitaka, usinambie kitu. Viweke tu hapa kizingitini, mie ntafahamu."

"Bi mkubwa, vitapendwa."

"Usinipe ahadi, mwanangu. Wewe hukai pahala pamoja. Nipe mkono tu."

Nikampa mkono.

Ukumbi wa maonyesho huko Maskati ulikuwa mkubwa kuliko uwanja wa Amani, na wenye baridi kama lile jokofu la wavuvi. Fundi alivaa sweta la mtumba juu ya kanzu. Meza yetu ilikuwa na kitambaa cheupe, na jirani yetu, ukuta kwa ukuta, alikuwa nani? Kampuni ya halua. Halua ya huko huko, masinia yanayong'ara, masanduku ya mbao yenye nakshi, na muuzaji mwenye kilemba na tabasamu.

"Karibuni majirani!" akatuambia, kwa Kiswahili. "Mama yangu kazaliwa Ng'ambo ya Unguja."

Fundi alinigeukia. Jicho lake lilisoma ile fomu yote, mstari kwa mstari, mpaka kwenye tiki yangu.

Mimi nilikuwa nimechukuliwa kama mkalimani, kwa Kiingereza nilichookota kwa wageni. Nilikuwa nimehifadhi hotuba nzima: karibu, hii ni halua ya Zanzibar, inapikwa kwa kuni, ina viungo vyetu wenyewe. Mteja wa kwanza, bwana mmoja wa makamo, alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Kwani Kiswahili hujui?" akauliza.

Basi ikawa hivyo siku mbili. Watu walikuja wengi, wakauliza habari za Darajani na Malindi, wakauliza kama mtaa fulani ungalipo, wakaonja, wakacheka na sisi, wakatuombea dua, kisha wakahamia kwa jirani wakanunua sanduku. Ukarimu tuliupata mwingi sana. Halua haikuondoka. Jirani naye alionja, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Tamu. Lakini iliki nyingi."

"Iliki haiwi nyingi," fundi akasema. "Iliki huwa chache."

Sasa nieleze kosa langu la pili. Asubuhi ya kwanza nilijaza halua kwenye vijamanda kumi, nikavipanga mbele ya vikopo, nikajiona nimetimiza. Halua yetu ina samli, na samli kwenye ukindu hupenya. Nyumbani hakuna anayejali. Ndiyo alama kwamba umepata halua ya kweli. Lakini kwenye kitambaa cheupe, kila kijamanda kiliacha duara la mafuta, na mkaguzi wa ukumbi alipopita aliyatazama maduara yale kama daktari anavyotazama vipele.

"Ondoa," fundi akaninong'oneza. "Ondoa vyote."

Ningeweza kutandika sahani. Ningeweza kubisha. Niliviondoa, nikavitia chini ya meza pamoja na vile vitupu, nikashusha kitambaa. Siku mbili nilikuwa nikivigusa kwa mguu, na kila nilipovigusa nilikiona kile kizingiti cha Amani, na mkoba juu yake, na Bi mkubwa akifahamu.

Siku ya mwisho, baada ya sala ya adhuhuri, alikuja bibi mmoja mwembamba, buibui limekaa begani kwa mtindo wa zamani, ameshikwa mkono na binti yake wa makamo.

"Nyie mmetoka Unguja?"

"Naam, bibi. Shikamoo."

Akasimama. "Marahaba, mwanangu. Lo! Siku nyingi sijaamkiwa hivyo. Hawa wanangu hunambia 'haai'." Akamkata jicho binti yake, na binti akacheka.

Nikampa kionjo kwenye kijiko. Alifumba macho, akatafuna kidogo kidogo. Fundi alikuwa ameegemea mbele.

"Nzuri," akasema bibi. "Lakini hii si halua ya Unguja."

Fundi akainuka. Alipoinuka na lile sweta, ilikuwa kama kabati limesogea. "Bibi, halua hii nimeipika kwa mkono wangu, Amani, na baba yangu kaipika kabla yangu."

"Sikusema hukuipika. Nnasema imelala kwenye plastiki. Halua ya Unguja hunukia ukindu." Akanyamaza, akanusa, akanusa tena. "Na ukindu wenyewe nnausikia hapa hapa. Mmeuficha wapi?"

Nikamtazama fundi. Fundi akatazama taa za dari.

Nikapiga magoti, nikaingia chini ya meza, nikatoka na kijamanda kimoja kilichojaa. Bibi hakukifungua. Alikishika kwa mikono miwili kama anayeshika uso wa mtoto, akapitisha kidole kwenye ukingo.

"Ukingo umekunjwa mara mbili. Huu mkono wa kusini. Kae au Makunduchi?"

"Makunduchi, bibi."

"Mamangu alikuwa akitumwa huko kununua vijamanda vya harusi." Ndipo akakifungua, akachota kwa vidole, akala. Safari hii hakufumba macho. "Enhe. Hii sasa ndiyo."

"Lakini ni sufuria moja, bibi!" fundi akalalamika. "Sufuria moja, siku moja!"

"Sufuria moja, nyumba mbili. Wewe ungelala kwenye kikopo ungekuwa hivyo ulivyo?"

Binti yake, ambaye mpaka hapo alikuwa akisikiliza tu, alikichukua kijamanda akakigeuza juu chini. Akatwambia kazi yake ni kupamba harusi, na kila harusi ina zawadi ndogo za kuwapa wageni. "Mnaweza kunipatia mia tano?"

Fundi akasahau ugomvi wote. "Mia tano! Ntapika usiku na mchana. Nitie nusu ratili au ratili nzima?"

"Vitupu, ami."

"Vitupu?"

"Halua tunayo." Akaonesha kwa jirani, na jirani, Mungu amsamehe, akapunga mkono.

Nikamgeukia fundi. Meza ilikuwa ya fundi, jina kwenye bango lilikuwa lake, na neno lilikuwa lake. Akisema hapana, mzigo unarudi kizingitini. Alivuta kikopo kimoja chenye karatasi ya dhahabu, akakisogeza mbele ya yule binti, kwa unyonge ambao sikuwahi kuuona kwake.

"Na hiki je? Hakikufai hata kidogo?"

Binti akakitazama. "Hiki si cha mafuta ya nywele?"

Fundi akaguna. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko kilichotoka chini kabisa ya lile sweta, mpaka kofia ikamwanguka na jirani akaja kuuliza kulikoni. "Dada huyu," alikuwa akisema, "dada huyu kanifuata mpaka hapa!"

Alipopata pumzi alinipa kalamu. "Andika. Mia tano. Usiandike jina langu, andika la dada. Na nambari yake ya simu."

"Na vyangu mimi vijae," bibi akasema. "Mpaka halua yenu iishe. Na iliki usipunguze."

Fundi alimtazama jirani, akapangusa kofia yake, akaivaa.

Tulikaa chini sote wawili tukajaza vijamanda kutoka kwenye vikopo. Binti akachukua vilivyobaki vitupu kuwa mfano. Mkoba wa ukili ukarudi Unguja mtupu.

Kesho yake baada ya kufika nilikwenda Makunduchi. Bi mkubwa alikuwa uani kwake na majirani zake, miguu wameinyoosha, ukindu umetandazwa. Hakunitazama usoni. Alitazama mkoba.

"Viko wapi?"

"Havikurudi."

"Mmevitupa?"

"Vimekwenda harusini, Bi mkubwa. Wanataka mia tano vyengine."

Mmoja wa majirani akapiga kigelegele bila kuuliza zaidi. Bi mkubwa hakupiga. Aliendelea kusuka mpaka mwisho wa safu ile, akaukata uzi wa ukindu kwa meno, ndipo akaniuliza, "Na mdogo wangu kasemaje?"

Nikamwambia yote, pamoja na mafuta ya nywele. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Nilikuwa nimekwenda kwa siku moja, nikakaa wiki tatu. Nilitaka kujua ukingo unakunjwaje mara mbili. Kijamanda changu cha kwanza kimekaa upande, kama mtu anayesikiliza mlangoni, na kifuniko chake hakikubali kuingia.

Sikukuu ilipokaribia, fundi alinipigia simu kule kule.

"Mwambie dada nnataka vijamanda sitini. Vya dukani vimekwisha, na wateja wa hapa wamegoma, hawataki vikopo."

Nikapeleka ujumbe, hatua nne tu, kutoka mkekani mpaka jamvini.

"Mwambie asubiri zamu," Bi mkubwa akasema, sauti imepanda ili isikike kwenye simu. "Mwambie sisi hapa ni kampuni."