Selina ahamia kiti cha mbele

Saa kumi na moja alfajiri, mtaa wa Pasiansi bado giza. Kijiko kinagonga kikombe cha bati, taratibu, ili mtoto asishtuke. Selina Machibya anakoroga uji wa Ngosha, mwanawe wa miaka minne.

Leo ataendesha pikipiki ya Vespa akiwa amepakia mteja.

Tangu biashara ya sangara ilete wageni Mwanza, Nurdin Jumbe amenunua Vespa mbili na kuanza kuwatembeza mjini. Mgeni huulizwa swali moja tu: ataendesha mwenyewe, au atapakiwa?

"Mteja ndiye anayechagua," anasema Nurdin akicheka. "Sisi wengine tunapanda tunapoambiwa."

Kwa mwaka mzima Selina ameambiwa apande nyuma. Mgeni akiendesha, yeye hukaa upande, kitenge kimebanwa magotini, na kumwongoza kwa kumgusa bega: la kulia, kata kulia, la kushoto, kata kushoto, yote mawili, simama. Upepo wa ziwani humeza maneno. Malipo yake ni nusu ya yale ya dereva, na mumewe yuko machimboni Geita, hajaleta habari tangu masika.

Leseni anayo. Kuendesha anajua. Kilichomwangusha ni heshima.

Wiki iliyopita Nurdin alimjaribu, yeye mwenyewe akakaa nyuma. Walipoanza kupanda mlima wa Bugando, Selina akamwona baba mkwe wake, Mzee Luhaga, akishona viatu bandani kwake kando ya barabara. Kwao mke hapiti mbele ya baba mkwe bila kupiga goti. Akasimama hapo hapo mlimani, akashuka, akapiga goti. Vespa ikarudi nyuma na Nurdin juu yake, mpaka mtaroni.

"Sikufikiri," anasema Selina. "Nilipomwona tu, magoti yakajikunja yenyewe."

Nurdin alijikung'uta vumbi, akamwuliza kama mkwewe ana ndugu wengine njiani. Kisha akasema bila mzaha kwamba atampa nafasi moja tena. Ikishindikana, atatafuta dereva mwingine.

Mteja wa leo ni Bi Evelina, mfanyabiashara wa kahawa kutoka Bukoba, mama mnene mwenye mkoba mkubwa. Anaitazama Vespa, kisha anamtazama Selina.

"Mimi nipakie, mwanangu. Ila usiniangushe, nina wajukuu."

Wanaondoka. Kirumba inapita, soko linapita, na Bi Evelina anasimulia bei za mabati. Selina anawaza mlima.

Unapoanza, anaongeza mafuta. Mbele analiona banda. Mzee Luhaga ameinama juu ya kiatu, na Ngosha, ambaye hushinda kwa bibi yake nyumba ya pili, amechuchumaa karibu naye. Mzee anainua uso. Selina anayakaza magoti, na mkono wa Bi Evelina unamshika kiuno kwa nguvu.

Hapunguzi mwendo. Anainamisha kichwa tu, anapaza sauti juu ya mngurumo: "Shikamoo, baba."

Mzee anasimama, kiatu mkononi. Hakuna aliyewahi kumwona akisimama kwa ajili ya mkwe.

"Marahaba, mkamwana. Panda tu, usisimame."

Vespa inapanda. Juu, Selina anazima injini. Chini yao ziwa limeenea bila mwisho, rangi ya fedha, na mawe makubwa kama nyumba yamebebana kana kwamba jana tu kuna mkono ulioyapanga. Mitumbwi imekuwa punje za mtama. Selina amekuja hapa mara nyingi, lakini leo anatazama kama mgeni.

Bi Evelina anafuta macho kwa ncha ya kanga. "Kumbe Mungu alikuwa anacheza huku," anasema.

Waliporudi, Nurdin alimkabidhi Selina funguo na kumwambia Jumatatu awahi. Sasa anataka kuweka akiba mpaka apate Vespa yake mwenyewe, kisha awafundishe wanawake wengine wa Pasiansi.

Jioni anakwenda bandani kwa miguu na kupiga goti, lile alilokuwa anadaiwa. Mzee Luhaga anaitikia, kisha anarudia kushona kiatu chake.

Ngosha ndiye anayesema, akiwaambia wapita njia wote:

"Mama yangu alikaa mbele."