Panya mwenye kitambi

Leo panya kanifunga mdomo, kitu ambacho mke wangu hajawahi kuweza.

Nalisha panya wa maabara. Hakuna anayewalisha kama mimi, ulizeni mtaa wetu wa Isevya mzima.

Leo wamepimwa, mmoja kawazidi wote uzito. Nikajipiga kifua: "Huo mkono wangu!"

Binti wa vipimo akasema, "Babu, huyo tulimpa kichocho. Tumbo limejaa maji. Nyama imekwisha, ona miguu."

Miguu kama njiti.

Nikaitazama yangu. Jamani. Na maji ya majaruba ya mpunga nimeyakanyaga tangu utoto.

Mke wangu kila siku: "Kapime hilo tumbo." Namjibu, "Hii shibe, mama Shija." Na uchovu huu nausingizia uzee.

Kesho nakwenda hospitali ya Kitete kupima.

Nani atamwambia mama Shija? Mimi siwezi.