Nilivyokuwa mkalimani wa wanafunzi wa nje Nachingwea, nikameza maneno ya Bi Somoe

Wakuu, salaam kwenu wote.

Swali lililoninyima usingizi siku tatu mfululizo ni hili: mtu akisema jambo kwa lugha ambayo ni wewe tu unaielewa, halafu wewe ukasema jingine, je, umemdhulumu au umemsitiri?

Hii sio chai, sijatunga kitu. Nimebadilisha majina tu, mengine yote yametokea na mimi ndiye niliyeyafanya. Mnaopenda kutukana, subirini nimalize.

Mimi ni graduate, kijana wa Ruangwa, sina ajira. Ni mtu wa kuwaza kupita kiasi. Nikituma meseji isijibiwe kwa saa moja, tayari nimeshatunga sababu kumi, zote mbaya.

Chuo kimoja cha Dar huwa na programu ya kiangazi kwa wanafunzi kutoka nje. Wanakaa wiki sita, wanasoma historia na Kiswahili, wiki mbili za mwisho wanapelekwa field. Safari hii walikuja kwetu kukusanya kumbukumbu za wazee kuhusu ule mradi wa karanga wa wazungu, miaka ya mwisho ya arobaini na kuingia hamsini.

Walihitaji mkalimani anayejua Kimwera. Wazee wetu wengi Kiswahili wanakijua, ila jambo likiwagusa wanarudi kwenye lugha yao.

Nikaomba, nikapata.

Sasa hapa niwaambie kitu, maana ndiyo mzizi wa balaa. Kwenye barua yangu ya maombi niliandika habari za babu yake baba. Nyumbani tuna picha yake ukutani, kavaa kofia ngumu ya kizungu, kasimama kando ya tingatinga. Aliwahi kuwa mpishi wa mzungu Lindi, huko ndiko alikookota Kiingereza, na mradi ulipokuja akawa mkalimani wao. Watu walimwita Karani Mtepa. Ukoo mzima tunajivunia yeye.

Mkuu wa programu, mama mmoja mhadhiri tuliyemwita Dokta, aliipenda sana ile barua. Aliniambia nikifanya kazi vizuri ataniandikia recommendation ya kwenda kusoma masters nje.

Kwa hiyo nilikuwa naenda kazini na hiyo recommendation kichwani. Kila nikifungua mdomo nawaza, hapa nimekosea? Dokta amekunja uso?

Siku ya nne tukaenda kwa Bi Somoe, kijiji kimoja katikati ya Nachingwea na Ruangwa, karibu na tuta la reli ya zamani. Mama mtu mzima sana, ila macho makali na ulimi mkali zaidi. Wakati mradi unaingia alikuwa msichana mdogo wa kutumwa maji.

Tulipokaa akaniuliza kwanza, "Wewe ni wa nani?"

Nikamtajia jina la baba tu. Kwetu ukiulizwa hivyo unataja mpaka babu, ndipo mzee ajue anaongea na nani. Mimi niliishia kwa baba, nikijiambia tuna haraka.

Akanitazama kidogo, akaanza.

Alianza kwa Kiswahili, akasimulia matingatinga mawili yaliyofungwa mnyororo mmoja, yanavyokwenda sambamba na miti inalala kama majani. Wanafunzi wanaandika, wanatabasamu.

Halafu akahamia Kimwera.

Alisema mama yake alikuwa amefariki muda si mrefu, akazikwa kwenye makaburi ya kijiji. Wazee walipoona vigingi vya wapimaji vinakaribia, wakamwendea mkalimani. Wakamwambia, waombe wazungu wapaepuke hapa, watu wetu wamelala. Mkalimani akaenda, akarudi, akasema, "Nimewaambia. Wamekubali."

Wazee wakatulia. Hawakuweka hata alama.

"Hakuwaambia," alisema Bi Somoe. "Aliogopa kuonekana msumbufu. Mnyororo ukapita na mama yangu. Alikuwa Karani Mtepa."

Wakuu, masikio yalipiga kengele.

Wanafunzi wote wananitazama mimi. Dokta ananitazama. Simu ya kurekodi ipo pale juu ya kigoda.

Nikasema kwa Kiingereza, "Anasema matingatinga yalikuwa na kelele sana, watoto walikuwa wanakimbia kuyashangaa."

Wakacheka. Kicheko cha heshima tu, kile cha mtu aliyesikia kisa kizuri cha utotoni.

Bi Somoe akawatazama mmoja mmoja. Kisha akaniambia taratibu, bado kwa Kimwera, "Waulize kama huko kwao ipo ile karatasi waliyoichora wapimaji. Mwezi wa Shaabani wenzangu wanakwenda kufyeka makaburi ya watu wao. Mimi nabeba fagio nafagia mpaka wa mikorosho ya watu, kwa kukisia. Nataka kujua ni wapi tu."

Nikasema, "Anawashukuru kwa kuja."

Wakampigia makofi.

Hapo ndipo ninaposhindwa kulala. Sio uongo wenyewe. Ni yale makofi.

Nikaanza kujitetea. Nilijiambia, hata ningetafsiri, hiyo karatasi ya miaka hiyo nani anayo? Bibi atapewa matumaini ya bure. Nimemsitiri.

Utetezi huo ulidumu mpaka kesho yake mchana. Tuko Nachingwea pale guest, mwanafunzi mmoja anaitwa Marta akafungua laptop akaniambia, "Njoo uone, nimepiga picha ramani za upimaji za kipindi kile." Eneo lote, kuanzia tuta la reli.

Nilimjibu ni nzuri sana, nikaenda chooni nikakaa huko muda mrefu.

Nikampigia mama. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, Karani kafa zamani. Unataka umfufue umchape viboko?"

"Sio hivyo mama. Bibi yupo hai."

"Na baba yako je? Unajua anavyoipenda ile picha. Maliza kazi ya watu, chukua barua yako, urudi nyumbani."

Nilikata simu nikiwa nimekubaliana naye. Baada ya nusu saa sikukubaliana naye. Jioni nikakubaliana naye tena. Ndivyo nilivyo.

Siku ya tatu tangu mahojiano yale, asubuhi, nikapanda bodaboda, nikaenda kwa Bi Somoe peke yangu. Nilimkuta anapepeta ufuta uani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wazungu wako wacheka makaburi umewaacha wapi?"

Hakungoja jibu, akaendelea.

"Nimesema mama yangu kalala pale, wao meno nje. Nimeomba karatasi, wao makofi. Mimi mzee, sio mjinga. Nikajua haya maneno hayajafika."

"Bibi, Karani Mtepa ni babu yake baba yangu."

Hakuacha kupepeta. "Najua. Paji lako la uso ni lake. Nilikuuliza wewe ni wa nani nione kama utasema."

Nilitamani ardhi inimeze.

Baadaye akaweka ungo chini. Akaniambia kitu ambacho kwetu hakijawahi kusimuliwa. Karanga zilipokufa na wazungu walipoanza kufunga mizigo, Karani alikuja kwa baba yake Bi Somoe. Alikaa pale nje tangu asubuhi. Alipewa maji, akanywa. Jua lilipogeuka akainuka, akaaga, akaenda zake. Hakusema neno.

"Baba alimngoja aseme mpaka anakufa," alisema. "Sasa na wewe umekuja kunywa maji?"

Wakuu, nilirudi Nachingwea.

Niliwakuta kwenye chai. Nikamwomba Dokta tuweke ile rekodi upya. Nikasema tafsiri yangu ilikuwa ya uongo. Nikaanza sentensi moja moja, nasimamisha, natafsiri, naendelea. Nilipofika kwenye jina nikasema, huyu ndiye niliyemwandika kwenye barua yangu ya maombi.

Hakuna aliyecheka. Marta alilia, mimi sikuweza hata hilo.

Dokta aliuliza swali moja tu. "Wazee wengine je, umetafsiri ulichosikia?"

Nilimwambia ndiyo, na ni kweli. Lakini nilimwona asivyokuwa na namna ya kuniamini, na sikumlaumu.

Mchana huo tukaenda na laptop kwa Bi Somoe. Marta alikuza ramani mpaka picha ikawa ukungu. Reli ipo. Mto upo. Kwingine ni mistari iliyonyooka na namba za mashamba. Kaburi hakuna, kijiji chenyewe hakimo.

Bibi akanitazama mimi, sio laptop.

Nilijua maneno mazuri ya kusema. Yalishafika mdomoni kabisa.

Nikasema, "Haipo, bibi. Hawakuandika chochote."

Akasema, "Haya. Maana yake kweli hawakuambiwa."

Akarudi kwenye ufuta wake.

Programu imeisha, wageni wameondoka. Barua yangu ya maombi nilimwomba Dokta aifute, na recommendation sijaomba tena. Picha bado iko ukutani, na baba hatuongei vizuri.

Nilichojifunza ni kidogo na hakifurahishi. Uoga wangu nilikuwa nauita busara. Na kumbe nimeurithi.

Sasa naomba msaada, ndiyo sababu hasa ya kufungua uzi huu. Kama una babu au bibi aliyefyeka mistari ya upimaji, aliyeshika kigingi cha wapimaji au aliyeishi upande ule wa tuta la reli, muulize makaburi ya kijiji yalikuwa wapi. Mti, kisima, kichuguu, chochote anachokumbuka.

Andika hapa chini. Hata kama jibu ni kwamba hakumbuki, andika hivyo hivyo.

Nitamfikishia kama mlivyosema, neno kwa neno.