Pipa la Buluu Lililovuka Geti

Kiwandani kwetu Louisville, kwa miaka mingi mazingira yaliishia getini. Tulipima umeme, tukapima maji machafu, tukafagia mafuta yaliyomwagika, basi, tukajiita wasafi. Nilipotolewa kwenye mashine na kuingizwa ofisi ya mazingira, hiyo ndiyo kazi niliyofundishwa, na niliipenda kweli. Halafu bosi wangu, mama mmoja mpole anayecheka mpaka mabega yanatikisika, akaleta wazo jipya: kila kitu tukifuate maisha yake yote, tangu kinapozaliwa mpaka kinapoishia. Mimi nikapewa mapipa ya buluu, yale yanayoleta dawa ya kusafishia chuma.

Nikacheka. Mapipa hayo yana kisa gani? Yakiisha dawa, mfanyakazi anayetaka anachukua, na sisi tunaandika kwamba yametumika tena. Na nani anachukua? Sisi Wakongomani! Mtu wa Kivu aone pipa zima, lenye mfuniko, linatupwa? Haiwezekani. Mimi mwenyewe nilimpelekea mama yangu mawili huko Buffalo. Nikampigia hapo hapo.

"Mama, yale mapipa unawekea nini?"

"Nguo. Moja liko hapa, linaondoka Jumamosi kwa mama yako mdogo, Uvira. La kwanza lilishafika zamani."

"Na nguo zikitoka, wao wanaweka nini?"

"Sasa mimi nitajua? Bon, umepiga kunisalimia ao kuniuliza kama polisi?"

Plastiki ile inakunywa dawa. Hata uioshe kwa maji ya moto, haitoki yote. Nikajaribu kumpigia mama mdogo siku ile na siku zilizofuata. Hapatikani.

Ijumaa nikamwambia mama ninakuja kulichukua lile pipa, nikawasha gari kwenda Buffalo. Nililala kwa kaka yangu Westerville, pale Columbus, maana alikuwa amenitafutia pipa jipya, la kuwekea chakula. Alfajiri akanipakilia pipa, sambusa, na mahubiri: nisimgombeze mama. Mimi! Kana kwamba kuna mtu aliyewahi kumgombeza mama yetu akabaki salama.

Nilimkuta nyumbani kwake East Side amekaa juu ya mfuniko wa pipa, mikono kifuani.

"Ulinipa wewe mwenyewe. Zawadi hainyang'anywi."

"Mama, hilo lilikuwa na sumu."

"Mimi nililiosha na sabuni!"

Nikamweleza polepole, na mimi si mtu wa polepole. Watoto wa mama mdogo wanaweza kuugua, nikasema. Akashuka, akafungua, akaanza kutoa nguo alizokusanya mwaka mzima: vitenge, sweta, viatu vya shule vilivyojazwa soksi ili visipondeke. Kila moja aliinusa, kisha akanipa na mimi.

"Inanuka?"

"Hainuki, mama."

"Pua yako imeshakuwa ya Amerika, haina faida," akasema, akainusa tena. Nilimpenda sana mwanamke yule.

Tulikuwa tumefika katikati ya pipa mama alipojaribu tena simu ya Uvira, ikashika. Mama mdogo alishangilia mpaka mama akaiweka mbali na sikio. Nikamkatiza.

"Mama mdogo, lile pipa la buluu mnaweka nini?"

"Maji ya kunywa! Weee, mwanangu, Mungu akubariki. Lina mfuniko, inzi haingii. Hata majirani wanakuja kuchota."

Mama akanishika mkono.

"Yamwageni," nikasema. "Msinywe tena, wala msilitumie kwa chakula. Lilikuwa la dawa ya kiwandani. Tutawaletea lingine."

"Yote? Bomba limekauka, na mafundi wa maji hawajarudi tangu juzi."

"Yote, mama mdogo. Nisamehe."

Hakuuliza tena. Tulimsikia akiita watoto wasaidie kuinamisha, kisha tukasikia maji yakitoka, mengi, yakichukua muda mrefu kuisha. Mama alikuwa analia bila sauti.

"Imekwisha," mama mdogo akasema. Alikuwa anahema. "Na ya wengine?"

"Ya wengine gani?"

"Ya wenzako wa kazini. Hapa mtaani kwetu ninayaona mengine kama hili, yote yametoka kwenu Louisville."

Mama akanivutia kiti. Nikakaa, nikaanza kuwapigia simu wenzangu wa kazini, mmoja mmoja.