Kaka yangu ameshinda rufaa ya mauaji, ila nyumbani tulishamzika

Wakuu, habari za humu. Hii si chai, si stori ya kutunga. Ni ya kwetu Kibara, na natamani ingekuwa chai.

Kaka yangu mkubwa alihukumiwa kunyongwa na Mahakama Kuu pale Musoma, kwa kumuua jirani yetu mvuvi. Akakata rufaa.

Baba akamuuliza wakili kama mwanae anaweza kusubiria nyumbani kwa dhamana. Akajibiwa kesi ya mauaji haina dhamana, iwe kabla ya hukumu au baada. Tukasubiri miaka, mpaka watu wakaacha kutuuliza.

Sasa ukoo wetu una jambo lake. Mji wa baba hakabidhiwi mdogo wakati mkubwa yuko hai. Baba alipoanza kuumwa, wazee wakakaa, wakasema aliyehukumiwa kunyongwa ni marehemu.

Wakakata mgomba, wakauvika shati la kaka, wakauzika nyuma ya nyumba. Tukanyoa nywele. Mama alilia kilio cha msiba kabisa. Shemeji akarudi kwao Butiama, akaolewa.

Halafu kaka akashinda rufaa. Majaji walisema ushahidi wa kumtambua hauaminiki.

Alishuka Bunda, akapanda gari la Kibara bila kumpigia mtu simu. Baba akamzuia kwenye uzio. Kwetu aliyezikwa akiingia ndani, kifo kinamfuata mtu wa humo.

"Tulikuwaga tunakungoja, mwanangu," baba akamwambia. "Tukachoka. Usiingie."

Mama akamtolea ugali na sato hapo nje. Akala amesimama, akaondoka.

Najua mtauliza, na aliyeuawa je? Mama yake tunakutana naye mnadani. Angemwona kaka mtaani kwa dhamana, angelalaje? Na leo hata yeye hajui nani alimuua mwanae. Ndiyo maana mjadala wa kama kesi za mauaji ziwe na dhamana mimi umenishinda.

Kaka sasa anavua samaki kisiwani Rukuba. Juzi alinipigia akauliza, "Mlinizika na shati lipi?"

Nikamwambia la bluu, la harusi yake. Akakata simu.

Nilichojifunza ni kwamba rufaa ikichelewa, ndugu nao wanahukumu.

Wazee wa Mara mliomo humu, njooni mnisaidie. Aliyezikwa hivi anarudishwaje? Baba hali yake ni mbaya, na kaka anaomba aje amzike.