Kolie za Muyinga

Mume wangu si mtu wa maneno. Nyumbani kwetu Gitega anaweza kumaliza sahani ya maharage na ndizi, akanawa mikono, akaenda kulala, na neno alilotamka likawa "chumvi" tu. Ndiyo maana siku ya kwanza nilipomsikia akicheka ndani ya duka la vipuri kule Muyinga, nilidhani ni mtu mwingine mwenye sauti kama yake.

Tulikuwa tumepeleka vitunguu. Tuna gari dogo la zamani ambalo ndilo linatulisha. Tunanunua mazao kwa wakulima wa Makebuko na Ryansoro, tunapakia, tunapitia Karuzi na kwenda kuuza Muyinga. Siku hiyo, tulipoiacha Karuzi nyuma kidogo, nilisikia harufu ya esansi, petroli ya gari. Nilikuwa na mimba ya mtoto wetu wa pili na pua yangu ilikuwa inakamata kila kitu.

"Simamisha gari," nilimwambia.

"Ni lile lori la mbele."

"Lori limeshapotea. Simamisha, baba."

Alifungua boneti. Pale mpira wa mafuta unapoingia kwenye chujio palikuwa pamelowa, na tone moja lilikuwa linaning'inia juu ya chuma cha moto. Kolie, ile pete ya chuma inayoubana mpira usichomoke, ilikuwa imeukata mpira wenyewe. Tulikuwa tumeinunua sokoni Gitega muda si mrefu. Mume wangu alinitazama tumbo, kisha akatazama lile tone, na sijawahi kumwona na uso ule tena. Tulikaa kando ya barabara mpaka injini ikapoa. Akakata sehemu iliyochanika, akaufunga mpira kwa waya, tukaenda polepole, vioo wazi, mkono wangu kwenye kitasa cha mlango.

Tulipofika Muyinga, mume wangu hakuuliza mtu njia. Alisimama mbele ya duka moja karibu na soko, akaniambia nipumzike kivulini, akaingia. Ndipo nikasikia kicheko kile. Sikupumzika. Nilimfuata.

Nyuma ya meza alikuwepo mwanamke wa umri wangu, amejifunga mtandio wa kijani, hina vidoleni na grisi chini ya kucha.

"Ni muke wako uyu? Karibu, mama, kaa," alisema, akanisogezea kiti. Kisha akamgeukia mume wangu. "We, si nilikuambiaka? Kolie za kule sokoni zitakuunguza siku moja!"

Sisi tuliokulia ng'ambo ya mpaka, Tanzania, hatumwambii mume wa mtu "we" hivyohivyo. Najua hapa ndivyo watu wanavyosema, na hakuna ubaya. Lakini mimi ilinichoma.

Aliweka kolie mbili mezani. Halafu alifanya jambo ambalo hata leo naliona: alishika kidole cha mume wangu akakipitisha kwenye ukingo wa ile ya kwanza, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kuandika.

"Unasikia? Inakata."

"Nipe na mimi niguse," nilisema.

Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka. Alinitazama kidogo, akanipa zote mbili. Ya kwanza ilikuwa na matundu kwenye mkanda wake, na kingo kali kama kifuniko cha kopo. Ukiikaza, mpira unajipenyeza kwenye matundu na kukatika. Ya pili ilikuwa laini ndani, kingo zake zimekunjwa kuelekea nje, na ina bolti ndogo ya kukazia. Nilichukua nyingine iliyofanana nayo, yenye duara kubwa zaidi, nikauliza kama hiyo si imara zaidi.

"Hapana, mama. Iyo ni kubwa kwa mupira wenu. Utaikaza mpaka mwisho, itaacha nafasi kidogo, na esansi itapitia palepale."

Alijibu vizuri, kwa upole. Ningependa angejibu vibaya.

Tukiwa njiani kurudi, mpira mpya na kolie mpya vikiwa mahali pake, niliuliza, "Yule ni nani kwako?"

Alibadili gia, tukapanda kilima. Kisha akaniambia. Alipotoka Tanzania, kabla hajafika Gitega, alifanya kazi ya kubeba mizigo katika duka lile, enzi za baba yake yule mwanamke. Walipendana. Alikwenda kuposa, na mzee akamwambia kwamba binti yake haolewi na Mkristo. Basi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Nilianza kutafuta kolie za namna ile Gitega. Nilipita duka hadi duka, mpaka mtaa wa Mushasha, napapasa kingo kwa kidole. Muuzaji mmoja alicheka: "Mama, uko na garaji?" Nilizipata mwishowe, laini ndani, kingo zimekunjwa, kipimo chetu kabisa. Nikampelekea mume wangu kama mtu aliyeshinda kesi. Alizigeuza mkononi, akatabasamu.

"Nzuri sana. Kama zile za Muyinga."

Nikaenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Mwaka huu, tukiwa tumepeleka kabichi, yule mwanamke wa duka aliniita mimi, si mume wangu. Akaniambia anaolewa na fundi cherehani wa palepale Muyinga. "Mutakuja wote, na watoto." Nilimkumbatia kwa furaha ya kweli, na nadhani alijua ni furaha ya nini.

Nilimwambia mume wangu tukiwa tayari garini. Hakusema kitu. Ukimya wake wa kila siku naujua, naishi nao kama ninavyoishi na ukuta wa nyumba. Huu ulikuwa mwingine. Baada ya mwendo mrefu nilimuuliza, "Umeumia?"

"Kidogo," alisema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Kwa hilo neno sikuwa nimejiandaa. Niligeuza uso dirishani mpaka tukafika nyumbani.

Harusini tulikwenda. Nilivaa imvutano, vazi letu la sherehe, ile yangu nzuri kuliko zote, nikasuka nywele. Bibi harusi alipoingia, watu wote walisimama kumtazama, vigelegele vikapigwa, na mimi nikapiga, lakini macho yangu yalikuwa kwa mume wangu. Alipiga makofi. Alikula pilau. Alimpa bwana harusi mkono na kumtania kidogo. Halafu mtoto wetu mdogo alipoanza kulialia, alimchukua kabla sijanyoosha mikono, akatoka naye nje, na wakakaa huko muda mrefu sana.

Mtoto alinyamaza mapema. Nilisikia kilio kikikoma, na baba yake bado hakurudi ndani.