Saladi Yangu Imegeuka Bokoboko

Nimechoka, jamani. Saladi niliyoihangaikia tangu jana imeliwa leo ikiwa bokoboko.

Mume wangu kipenzi (wiki ya tatu ya ndoa, akiniita bado naona haya!) anafanya kazi jikoni kwenye hoteli moja hapa Diani. Aliniambia joto hili la kaskazi linamtamanisha saladi ya ngano nzima, yenye tango, nyanya, zeituni, nanaa na ndimu, iliwe ya baridi.

Basi nikairoweka ngano. Leo nikaichemsha kwa makaa saa mbili nzima, jasho likinitiririka. Nikaiacha ipoe, nikaenda kuoga.

Natoka, namkuta mama mkwe amefika kutoka Mwabungo. Chungu kimerudi motoni, ameshika mwiko, anaiponda ngano yangu pamoja na nyama ya mbuzi aliyokuja nayo imeshaiva, iwe bokoboko!

"Shikamoo mama." Machozi yalikuwa karibu.

"Marahaba, bi harusi wangu. Ngano umeiivisha vizuri, ila nyama umesahau. Hebu kaa, nikumalizie."

Nikakaa, nikakata matango yangu.

Mume wangu akarudi, akala sahani tatu. "Nani amepika?"

Nikainamisha kichwa.

"Mkeo," mama mkwe akajibu upesi. "Mimi nimekoroga tu."

Mume wangu akaliona bakuli la zeituni pembeni, akaelewa yote. Akanisogezea mto niegemee.

Nampenda huyu mtu, wallahi.

Mngekuwa nyinyi, mngemwambia mama ukweli?